Mshika mbili, nyota na siri za watu: Orodha ya machapisho nayo husomeka

Methali ya mshika mbili moja humponyoka imewaponza wasomi wengi. Ukiwa mhadhiri wa fonolojia halafu uchapishe makala kuhusu kompyuta, wenzako watakuuliza, "Kwani wewe ni wa idara gani?" Jopo la kupandisha vyeo nalo litaisoma orodha yako kama karani anavyosoma risiti: makala mangapi, jarida lipi, jina lako ni la kwanza au la tano. Likishajumlisha, kazi imekwisha. Aghalabu hakuna anayeuliza iwapo makala hayo, yakisomwa kwa mpango, yanasema jambo moja.

Wiki hii nataka kuihakiki orodha ya machapisho kama tunavyohakiki riwaya zote za mwandishi mmoja. Nimeichagua ya Mercè Crosas, mwanasayansi wa Barcelona aliyeanza kwa kuchunguza nyota na kuishia kushughulikia ulinzi wa data za watu. Kwa mtazamo wa haraka, huyu ndiye mshika mbili hasa. Nitajaribu kuonyesha kwamba machapisho yake yana swali moja linaloyapitia yote, na kwamba sarufi ya Kiswahili inatusaidia kuliona swali hilo na kuona mahali jibu lake linapopungua.

Kwanza, mtu mwenyewe. Alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Barcelona, akapata shahada ya uzamifu ya astrofizikia katika Rice University, Texas, kisha akafanya utafiti katika kituo cha astrofizikia cha Harvard na Smithsonian. Baadaye aliandika programu za kompyuta katika kampuni za bayoteknolojia. Ndipo akajiunga na taasisi ya sayansi za jamii ya Harvard, ile iliyoongozwa na Gary King, na kuusimamia mradi wa Dataverse, programu huria ya kuhifadhi data za utafiti ili wengine wazipate. Mwaka 2021 serikali ya jimbo la Catalonia ilimkabidhi ofisi ya Serikali Wazi. Dataverse si kitu cha mbali nasi: watafiti wa kilimomisitu wa CIFOR-ICRAF, pale Gigiri, Nairobi, huhifadhi data zao kwa programu hiyo hiyo.

Tuanze na nyota. Mwaka 1997, katika jarida la Astrophysical Journal, Crosas na Karl Menten walichapisha makala kuhusu nyota iitwayo IRC+10216. Nyota hii imo katika kundi la nyota liitwalo Simba, umbali wa mamia ya miaka ya nuru. Ni nyota kongwe yenye kaboni nyingi, inayojivua gesi na vumbi hadi ikafunikwa na wingu lake yenyewe. Kwa macho huioni, lakini kwa darubini za mwangaza wa infraredi inang'aa mno. Waandishi hao walipima mawimbi yanayotolewa na molekuli za monoksidi ya kaboni katika wingu hilo, na kwa mawimbi hayo wakakadiria nyota inapoteza mata kwa kasi gani na joto la gesi linabadilikaje kadiri unavyotoka katikati.

Msomaji wa lugha asiyapite haya haraka. Hapa kuna mtafiti asiyeweza kukigusa anachokichunguza. Hawezi kukihoji wala kukirudia kesho na kukiomba ufafanuzi. Anachopata ni alama chache zilizosafiri mbali, na kazi yake ni kutoka kwenye alama hadi kwenye hali. Kuna pia suala la jina. IRC ni kifupi cha katalogi ya mwangaza wa infraredi. 10 ni ukanda wa anga ambamo nyota hiyo imo, kaskazini mwa ikweta ya anga. 216 ni nambari yake katika ukanda huo. Jina lake ni anwani yake! Kila anayeichunguza sharti aitaje anwani hiyo hadharani, la sivyo wenzake hawatajua anazungumzia nyota gani. Nyota haina faragha, na sayansi yake inasimama kwa sababu hiyo.

Makala ya pili ninayotaka tuyasome yalitoka mwaka 2014 katika PLoS ONE, Crosas akiwa pamoja na Alberto Pepe, Alyssa Goodman na wengine. Yanauliza wanaastronomia wanapeana data zao vipi. Waandishi walikusanya viungo vya intaneti vilivyowekwa katika makala ya Jumuiya ya Astronomia ya Marekani, wakavijaribu kimoja kimoja kuona kama bado vinafunguka. Matokeo yalisikitisha: kati ya viungo vilivyochapishwa mwaka 2001, asilimia 44 vilikuwa vimekufa kufikia mwaka 2011. Vilivyoelekeza kwenye tovuti za watu binafsi vilikufa upesi kuliko vilivyoelekeza kwenye hifadhi za taasisi. Hebu fikiria, nyota ingali pale pale mbinguni, ila ushahidi wetu kuihusu umetoweka ndani ya miaka kumi.

Naona makala haya ndiyo daraja la orodha nzima. Mwandishi bado yuko na wanaastronomia, lakini amegeuza darubini. Sasa anawachunguza watu na tabia zao za kutunza walichokiona. Swali lililokuwa chini kwa chini katika makala ya 1997 limejitokeza: alama zikishafika, nani azitunze, na nani mwingine aruhusiwe kuzisoma?

Hapa mhakiki wa fasihi atanikatiza. Mwandishi ni yupi, ilhali makala yana majina mengi? Pingamizi hili lina uzito. Makala maarufu zaidi katika orodha hii, yaliyotoka mwaka 2016 katika jarida la Scientific Data, yana waandishi zaidi ya hamsini, Mark Wilkinson akitangulia. Siwezi kudai kwamba sentensi fulani ni ya Crosas. Ninachoweza kuhakiki ni uteuzi: alikubali kuliweka jina lake wapi, na wapi tena, na tena. Mtu anayechagua kukaa kwenye meza fulani kwa miaka mingi amesema jambo kwa kukaa huko.

Makala hayo ya 2016 ndiyo yaliyoutangazia ulimwengu kanuni za FAIR, zilizoanza kujadiliwa katika mkutano wa Leiden, Uholanzi, Januari 2014. Herufi nne hizo zimekusudiwa kuunda neno la Kiingereza lenye maana ya haki au usawa. Mchezo huo wa herufi kwetu unapotea, na sioni hasara kubwa. Kanuni zenyewe ni hizi: data ziweze kupatikana, kufikika, kuoanishika na data nyingine, na kutumika tena. Leo wafadhili wengi wa utafiti wanazitaja kanuni hizi, na mwanafunzi wa uzamifu anayeomba pesa Ulaya huulizwa data zake zitazitimiza vipi.

Sasa yatazame maneno hayo manne kwa jicho la sarufi. Kupatikana, kufikika, kuoanishika, kutumika. Yote yana kiambishi -ik-. Hii ndiyo kauli ya kutendeka, tunayoifundisha kuanzia shule ya msingi: njia inapitika, chakula kinalika, kikombe kimevunjika. Kauli hii ina sifa moja inayoitofautisha na kauli ya kutendwa: haina nafasi ya mtenda. Unaweza kusema "kikombe kimevunjwa na Juma," na Juma akalipa. Huwezi kusema "kikombe kimevunjika na Juma" ukiwa na maana hiyo hiyo. Mtu atadhani Juma naye amevunjika. Ndiyo maana mtoto aliyeangusha sahani humwambia mama yake, "Imevunjika." Mjanja huyo! Hajadanganya, ila amejitoa kwenye sentensi.

Data zinafikika. Na nani? Sarufi haisemi. Zinatumika tena. Na nani, kwa kazi gani, juu ya nani? Kimya. Kwa nyota, kimya hicho hakina neno. IRC+10216 haitajeruhiwa na yeyote atakayeyapakua mawimbi yake. Kauli ya kutendeka ni lugha ifaayo kwa mbingu. Tatizo linaanza pale lugha hiyo inaposhuka duniani na kuzungumzia rekodi za hospitali, matokeo ya mitihani na sauti za wazee.

Tutende haki lakini. Wenye FAIR hawakusema kila kitu kiachwe wazi. Makala yenyewe yanaeleza kwamba kufikika kunaweza kuwa na masharti, na kwamba mfumo unaweza kumtaka msomaji ajitambulishe na apewe idhini inapobidi. Yanataka hata maelezo ya data yabaki baada ya data zenyewe kuondoka, ili ijulikane kwamba zilikuwapo. Anayezishutumu kanuni hizi kwamba zinataka kuanika kila kitu hajazisoma. Shutuma yangu ni ndogo zaidi, na naamini ni ya haki zaidi: mtu anaingia katika kanuni hizi kupitia mlango wa "inapobidi."

Kwa nini imebidi? Jibu linapatikana kwa Latanya Sweeney, mwanasayansi wa kompyuta ambaye jina lake liko pamoja na la Crosas katika makala nitakayoyafikia punde. Katika miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts, Marekani, lilikuwa limewapa watafiti rekodi za matibabu za wafanyakazi wake baada ya kuondoa majina. Gavana William Weld aliwahakikishia watu kwamba faragha yao iko salama. Sweeney, wakati huo mwanafunzi, alinunua orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20 na kuilinganisha na rekodi hizo. Waliozaliwa siku moja na gavana katika orodha hiyo walikuwa sita. Kati yao wanaume ni watatu. Na katika eneo lake la posta, ni yeye peke yake. Rekodi ya gavana ikawa imejitaja yenyewe. Mwaka 2000 Sweeney alikadiria kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vinatosha kuwatambulisha asilimia 87 ya watu wa Marekani.

Linganisha sasa na nyota yetu. Kuitambua nyota kwa ukanda na nambari ni sharti la sayansi. Kumtambua mtu kwa namna hiyo hiyo kunaweza kumharibia kazi, ndoa au usalama wake. Ujuzi ni mmoja: alama chache, ukizilinganisha vizuri, zinakupeleka kwenye kitu kimoja tu kati ya mamilioni. Nadhani ndiyo sababu mwanaastrofizikia hakuingia katika masuala ya faragha kama mgeni. Alikuwa ameshajua kwamba alama ndogo husema mengi.

Makala niliyoyaahidi yalitoka mwaka 2015 katika jarida la Technology Science, waandishi wakiwa Sweeney, Crosas na Michael Bar-Sinai. Yanaeleza mfumo wa DataTags, yaani vitambulisho vya data. Mtafiti anayetaka kuhifadhi data anaulizwa maswali kuhusu data hizo na sheria zinazozihusu. Majibu yake yanazipa rangi, na rangi inaamua masharti. Rangi ni sita. Samawati ni ya data zilizo wazi kwa kila mtu. Kijani inamtaka msomaji ajiandikishe. Manjano inataka nywila, idhini na kukubali masharti ya matumizi. Rangi ya machungwa inataka mkataba uliotiwa saini na data zihifadhiwe kwa fumbo. Nyekundu inaongeza uthibitisho wa hatua mbili. Ya sita ni nyekundu iliyokolea, ile ambayo bibi zetu waliiita damu ya mzee, na hiyo ni ya siri nzito kuliko zote.

Kama kazi ya uandishi, napenda DataTags kuliko FAIR, na sababu yangu ni ya kisarufi. Hapa mtenda amerudi kwenye sentensi. Data hazifikiki hivi hivi tena. Zinafikiwa na mtu mwenye jina, aliyetia saini, siku fulani, kwa lengo alilolitaja. Tumetoka kauli ya kutendeka tukaingia ya kutendwa, na kikombe kikivunjwa kuna Juma wa kuulizwa. Waandishi wanaziita ngazi kadhaa kwa neno lenye maana ya kuwajibika, na neno hilo halina kazi katika sentensi isiyo na mtenda.

Lakini nani anayeulizwa yale maswali? Ni mwenye kuhifadhi, yaani mtafiti. Nani anatoa majibu? Yeye huyo. Sheria gani zinatajwa? Za Marekani, kuhusu afya na elimu, kwa kuwa mfumo ulibuniwa huko. Mgonjwa aliyetoa damu yake hayumo katika mazungumzo. Mtenda amerudi, naam, ila mtendwa bado ni mtendwa. Analindwa kama mtungi unavyolindwa usivunjike, na hakuna anayeuomba mtungi ushauri. Huu ndio upungufu ninaouona katika orodha nzima, tangu 1997. Nyota haikuulizwa kwa sababu haina kinywa. Mtu ana kinywa, na bado anasomwa kwa alama zake.

Istilahi za Kiingereza zinachangia. Katika sheria za data, mtu ambaye habari zake zimekusanywa huitwa kwa neno ambalo kwenye sarufi maana yake ni kiima, na kwenye siasa maana yake ni mtawaliwa. Sheria inalikusudia lipi? Wapo kwetu wanaotafsiri kwa "mhusika wa data," na wapo wanaosema "mwenye data." Mimi nashikilia "mwenye data." Mhusika anaweza kuhusishwa tu bila kuulizwa. Mwenye mali hubishiwa hodi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaiunga mkono tafsiri hii, maana katika kifungu cha 26 inampa mtu vitenzi vyake mwenyewe: aarifiwe data zake zinatumikaje, azione, apinge, adai zisahihishwe, adai zifutwe. Hapo mwenye data amekuwa kiima cha kweli.

Kwa nini haya yatuhusu sisi wa Kiswahili? Kwa sababu sisi ni wakusanyaji wakubwa wa alama za watu. Chukua mtafiti wa lahaja anayekwenda Vanga au Kisiwa cha Wasini kurekodi Kivumba. Katika tasnifu anaandika: msemaji wa kike, umri wa miaka 78, mzaliwa wa Wasini, mshona mikeka. Jina ameliondoa, kwa hivyo anaamini ameficha. Ala! Kisiwani humo nani hatamjua bibi huyo? Hahitajiki Sweeney wala dola 20, hata mjukuu wake akiisikia sauti tu atasema, "Huyu ni nyanya." Na ikiwa katika rekodi hiyo bibi alisimulia ugomvi wa shamba au habari za ndoa ya jirani, tumezitangaza kwa jina la isimu.

Upande wa pili nao una hoja yake. Tukizifungia rekodi hizo kabatini, zitapotea kama vile viungo vya 2001. Wangapi kati yetu wana kanda za miaka ya 1980 zisizochezeka tena? Wangapi wamestaafu na data zao zikastaafu nao? Wajukuu wa Wasini wana haki ya kukisikia Kivumba cha bibi yao miaka hamsini ijayo. Kwa hiyo kuficha kila kitu nako ni hasara, na hasara hiyo inawaangukia wale wale tunaodai kuwalinda. Hapa orodha ya Crosas inatufaa kwelikweli. Inatufundisha kutozichanganya kazi mbili: kutunza ni jambo moja, kufungua ni jingine, na kati yake kuna rangi kadhaa za kuchagua.

Kinachokosekana kwake kimeandikwa na wengine. Mwaka 2019 muungano wa kimataifa wa watetezi wa data za jamii asilia ulitoa kanuni zinazojulikana kama CARE, ili zisomwe sambamba na FAIR. Zinadai faida kwa wote, mamlaka ya jamii juu ya data zake, wajibu na maadili. Sikiliza tofauti: kanuni za kwanza zinaeleza data ziweje, za pili zinaeleza watu wafanyiweje na waamue nini. Mtafiti wetu wa Wasini anahitaji zote mbili. Ahifadhi rekodi mahali pa taasisi, azipe rangi, na rangi hiyo aichague pamoja na bibi. "Hii niiweke wazi? Hii wasikie jamaa tu? Hii nikungoje mpaka ufe?" Maswali haya matatu hayahitaji kompyuta. Yanahitaji mkeka, chai, na lugha ambayo bibi anaielewa, yaani Kiswahili chenyewe, au Kivumba.

Nihitimishe uhakiki wangu. Orodha ya Mercè Crosas ni kazi moja yenye sura nyingi, nami naiona kuwa kazi nzuri. Inahoji nini tunachokidai kutokana na alama, nani azitunze, na nani aruhusiwe kuzisoma. Swali la nne, mwenye alama anasema nini, halijajibiwa humo. Majopo yetu yakiendelea kuhesabu majarida na kuwauliza watu idara zao, yatawakosa watafiti wa namna hii, na swali la nne litaendelea kujibiwa kwa Kiingereza, na watu wasiojua Wasini iko wapi. Mwanafunzi wa isimu anayetaka kulijibu ana kazi ya kuanzia leo: aifungue tasnifu yake, atazame kila palipoandikwa "data zilikusanywa," na aandike ni nani alizikusanya, kwa nani, na aliyeombwa alijibu nini.